Kona za Job Wekulo

Job Wekulo wa Donholm alikuwa mtu asiyejua kukataa. Mchungaji alipomwomba ajiunge na kwaya, ilhali kanisa zima lilijua kwamba sauti yake ni ya kufukuzia kuku, hakusema hapana. Alisema atalitazama jambo hilo baada ya Pasaka. Pasaka ilipopita akasema tungoje mvua ziishe, na mvua zilipoisha akasema afadhali shule zifungwe kwanza. Mchungaji alimsubiri hadi alipohamishiwa Kitale, na mpaka leo anamsifu Job kuwa kijana mwenye nia njema.

Majirani waliuita upole. Jacky Waruguru, mchumba wake, alikuwa na jina jingine la tabia hiyo, ila amelelewa vizuri na hawezi kulitamka mbele za watu.

Ajabu ni kwamba tabia hiyohiyo ndiyo iliyompa Job ugali. Alifanya kazi katika ofisi ndogo karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kwenye kampuni yenye ndege moja ya kupiga picha za ardhi: mashamba ya chai, mabonde, mahali ambapo barabara itapita. Mteja huleta ramani aliyoichora kwa rula, kona zimechongoka kama meno ya msumeno. Anadhani ndege ni mbuzi, kwamba ikifika kwenye ua itageuka papo hapo na kurudi ilikotoka. Lakini ndege haigeuki hivyo. Ikitaka kupinda hulalia bawa moja na kuchora duara hewani, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo duara linavyotanuka. Ukiilazimisha ikunje zaidi, italala kupita kiasi. Ukiipunguzia mwendo mno, itaanguka, na waliomo watajikuta mbele ya Mola wao kabla ya chakula cha mchana.

Programu ya Job ndiyo iliyosimama kati ya wateja hao na makaburi. Ilipokea mistari ya mteja, ikapita nukta moja baada ya nyingine, na kwenye kila kona ikajiuliza: ndege hii, kwa mwendo huu, itaweza kupinda hapa? Jibu likiwa ndiyo, iliiacha nukta ilivyo. Likiwa la, haikugombana na mtu. Iliisogeza nukta kidogo, ikapima, ikaisogeza tena, hadi kona ikawa pana kiasi cha rubani kuipita huku akinywa chai. Na kwa kuwa hakuna anayejali ndege imegeukia wapi huko nje ya shamba, hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Rubani mwenyewe alikuwa Kapteni Kyalo, mwanamke wa Machakos mwenye miwani mikubwa na subira ndogo. Aliipenda programu hiyo kwa sababu ilimlinda na wateja, lakini alikuwa na ombi moja. Kuna nukta ambazo hazifai kuguswa, alisema, kwa mfano pale uwanja wa kutua unapoanzia. Uwanja ni lami, hauhami. Job aweke basi alama ya kuiambia programu kwamba hii usiiguse. Job alikubali bila hata kubisha. Alisema ataishughulikia baada ya Pasaka, na tangu siku hiyo Kapteni Kyalo anatua kwa macho yake mwenyewe.

Sasa turudi kwa Waruguru. Alikuwa mwalimu wa chekechea papo hapo Donholm, na kwa miaka kadhaa Job alikuwa amemwahidi kuwaleta watu wake waende kuijua nyumba ya wazazi wake, kama desturi inavyotaka kabla ya mazungumzo yoyote ya ndoa. Kwanza safari ilisogezwa kwa sababu ya mavuno ya mahindi huko Bungoma. Kisha ikasogezwa kwa sababu ya mafuta kupanda. Kisha kwa sababu ya basi la kanisa kuwa gereji. Katikati ya hayo yote wazazi wa Waruguru walihama Huruma wakajenga Njiru, na Job hakuwa amewahi kukanyaga nyumba ya zamani wala mpya.

Baba yake Waruguru, Mzee Ndung'u, ni fundi wa mageti, mtu anayepima chuma mara moja na kukata. Alianza kumuuliza binti yake kama huyo Job yupo kweli au ni mtu wa kwenye simu tu. Waruguru alilia siku hiyo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na jioni yake akaenda kwa Job.

"Job, wewe hukatai kitu," alimwambia. "Unakisogeza tu. Hii Jumamosi watu wenu wakikosa kufika kwetu, usinipigie simu tena."

Alisema polepole, jinsi anavyowaambia watoto wa chekechea wateme chingamu, na Job akajua kwamba safari hii hakuna Pasaka ya kumwokoa. Alimpenda Waruguru. Kwa hofu ya kumkosa hakula chakula cha jioni, naye si mtu wa kuruka chakula.

Basi Jumamosi ikaandaliwa. Baba mkubwa wa Job, Mzee Nabiswa, alishuka kutoka Bungoma akiwa na wazee wenzake na kina mama, na mama yake Job, Mama Khalayi, anayeuza maharagwe soko la Muthurwa, akafunga duka na kushona leso mpya. Wote wangepanda basi la kanisa. Lakini Nabiswa alikuwa na dukuduku moja. Mwaka uliotangulia, basi hilohilo lilikwama kwenye kona ya kichochoro Kayole wakienda harusini, wanaume wakashuka na suti zao kung'oa kibanda cha mama mboga ili lipite, na mpaka wanafika bibi harusi alikuwa amevua gauni. Nabiswa akamwagiza Job atafute njia ambayo basi litapinda bila kuwaaibisha.

Mtu mwingine angeuliza njia. Job aliketi kwenye kompyuta akajiuliza, basi ni nini kama si ndege isiyopaa? Alimwomba dereva, kijana anayeitwa Griffins, alizungushe basi kwenye uwanja wa kanisa huku yeye akipima alama za magurudumu, kisha akaiambia programu kwamba kuna ndege nzito, ya mwendo wa konokono, yenye kona mbaya sana. Akaitia ramani ya Njiru pamoja na ile nukta ya nyumbani ambayo Waruguru alikuwa amemtumia kwenye simu walipohamia Njiru. Programu ikapima, ikalainisha, ikamrudishia mstari mzuri kutoka Donholm hadi Njiru usio na kona hata moja ya kutia shaka. Job aliutazama mstari ule akaona raha.

Kapteni Kyalo alipoonyeshwa alicheka hadi akavua miwani.

"Job, uliza tu njia. Kuuliza si ujinga."

Lakini Job angemuuliza nani? Kumuuliza Waruguru njia ya kwao, baada ya miaka yote hiyo, kungekuwa kukiri kwamba hajawahi hata kupita nje ya geti. Tena geti lenyewe alikwisha kuambiwa: la buluu, lenye korongo wawili wa chuma wanaotazamana, ambalo baba mtu alilitengeneza kwa mikono yake. Nani atakosa geti kama hilo?

Jumamosi ikafika, jua likawaka, basi likaondoka Donholm kabla wazee hawajapata muda wa kubadilisha mawazo. Waliifuata Outer Ring, wakaingia Kangundo Road, wakaenda bila taabu hadi Njiru. Griffins aliuweka ule mstari mbele yake kwenye simu, na kila kona basi lilipinda kwa upana na heshima kama chifu anayegeuka kusalimia watu. Mzee Nabiswa alimgeukia Job akamwambia kwamba elimu yake haikupotea bure. Job akanyoosha tai.

Wakapita mdomo wa kichochoro kimoja. Ndani yake, si mbali, palikuwa na hema jeupe, viti vya plastiki, na watu wamesimama mbele ya geti wakitazama barabarani. Griffins akapunguza mwendo akauliza kama si hapa. Job akautazama mstari. Mstari ulikuwa unaendelea mbele.

"Fuata laini," akasema.

Mzee mmoja pale getini aliinua mkono. Job, kwa adabu zake, akampungia.

Kichochoro cha pili kilikuwa kipana, basi likaingia bila kugusa ua wa mtu, na mstari ukaishia mbele ya geti la buluu lenye korongo wawili wanaotazamana. Nje palikuwa na hema na viti pia. Job akashusha pumzi. Mzee Nabiswa akasimama mlangoni mwa basi na kutangaza kwamba simu zote zizimwe sasa hivi na zitiwe kwenye mfuko wake, kwa kuwa simu kulia mbele ya wakwe ni utovu wa adabu ambao hakuna mbuzi wa kuufidia. Simu zikazimwa, mfuko ukafungwa kamba.

Mama Khalayi akaanza wimbo, kina mama wakaitikia, na mashangazi wa ndani wakalifunga geti kama ilivyo desturi na kuuliza nyinyi ni nani. Mama Khalayi akajibu kwamba wametoka Magharibi, wanamtafuta kondoo wao aliyepotelea humu. Ndani wakashangilia. Walisema kweli walikuwa wanawangoja wageni wa Magharibi, ila hawakutarajia Waluhya wafike mapema hivi. Geti likafunguliwa.

Wakakaribishwa kwa uji, kisha kwa mukimo, nyama ya kuchemsha, nyama ya kuchoma na pilau. Job alikula akitazama picha ukutani. Palikuwa na picha kubwa ya msichana aliyevaa joho la kuhitimu, naye hakuwa Waruguru. Akajiambia kwamba huyo ni dada yake. Kisha akakumbuka kwamba Waruguru hana dada. Akawaza kuuliza, lakini mwenye nyumba, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya, alikuwa katikati ya hadithi ndefu kuhusu kisima chake, na haikuwa adabu kumkata. Job akaona atauliza baada ya chakula.

Baada ya chakula mwenye nyumba alisimama, akashukuru, akasema sasa wamwite binti aje aulizwe mbele ya watu wote kama anawajua wageni hawa. Msichana akaletwa amefunikwa leso hadi kwenye nyusi, mashangazi wawili wakimshika viwiko.

"Mwanangu, watu hawa unawajua?"

Msichana akawatazama safu nzima, kuanzia Nabiswa hadi Griffins.

"Siwajui."

Vigelegele vikapigwa, kwa kuwa kila mtu anajua msichana mwenye adabu hajibu haraka. Nabiswa alicheka kama mtu anayeijua michezo ya wakwe, akainuka, akamvika shangazi mmoja leso mpya ili kulainisha mambo. Binti akaulizwa tena. Akasema kusema kweli hawajui. Vigelegele vikaongezeka, na Nabiswa akafungua sanduku akatoa blanketi zito lililonunuliwa kwa ajili ya mama mkwe, akalikabidhi kwa mikono miwili. Msichana akaulizwa mara ya tatu. Safari hii aliivuta leso ikaanguka mabegani.

"Baba, hawa sijawahi kuwaona. Wangu ni Mmaragoli, tena ni mfupi."

Nje ya geti honi ikalia, kisha wimbo mwingine, na sauti za kina mama wengine wakisema kwamba wametoka Magharibi. Mwenye nyumba alimgeukia Nabiswa na kumuuliza kwa upole sana sasa nyinyi ni nani. Nabiswa alisema kwamba wao ni Waluhya kweli, ila ni Wabukusu, na kwa jinsi alivyolisema neno hilo ilionekana kwamba kuchukuliwa kwake kuwa Mmaragoli kulimuuma kuliko kupotea.

Job alisimama. Akauliza kama hapa si kwa Mzee Ndung'u.

"Ndung'u fundi?" mwenye nyumba akasema. "Huyo ndiye aliyenitengenezea geti. Nililipenda lake, nikamwambia anipe kama hilo. Mmempita hapo nyuma."

Ndipo Job alipoelewa. Kichochoro cha kwanza kilikuwa chembamba, kona yake kali kwa basi refu namna ile. Programu ilikuwa imeifikia nukta ya nyumbani kwa kina Waruguru, ikapima, ikaona haipindiki, na bila kugombana na mtu ikaisogeza nyumba hadi kichochoro cha pili.

Blanketi halikurudi. Nabiswa aliamua kwamba kitu kikishatolewa kwa wakwe hakiombwi tena, hata kama wakwe wenyewe si wako. Walitoka wakipishana getini na wageni halali, wakasalimiana nao kwa aibu, na kwa mbali Job alimwona kweli bwana harusi mfupi. Basi waliliacha hapohapo. Waliingia kichochoro cha kwanza kwa miguu, wazee na suti, kina mama na masufuria ya zawadi, hakuna aliyeimba.

Mzee Ndung'u alikuwa bado amesimama getini kwake. Viti vya hema vilikuwa vimeanza kupangwa kimoja juu ya kingine. Aliwaacha wakaribie hadi wakasimama wote mbele yake, akamtazama Job peke yake.

"Wewe ndiye uliyenipungia mkono," akasema.

Mzee Nabiswa, ambaye hakuna kikao kilichowahi kumshinda, akakohoa na kuanza hotuba. Alianza na mito miwili inayotoka mlima mmoja na kukutana mbali. Ndung'u alimsikiliza mpaka mito ilipokutana, kisha akamwomba kwa heshima apumzike kidogo, maana angependa kumsikia kijana. Hilo si desturi. Bwana harusi siku hiyo hukaa kimya na kuinamisha kichwa, na wazee ndio humsemea. Nabiswa akamtazama Job kwa wasiwasi, kwa kuwa alimjua tangu utotoni.

Na kweli, maneno yalikuja mdomoni mwa Job yakiwa yamelainishwa tayari. Angeweza kusema barabara inatengenezwa. Angeweza kusema watu wa Bungoma walichelewa, au kwamba basi linajulikana kwa ubovu. Yote hayo yangepita, hakuna ambaye angeumia, na mwishowe wangeambiwa warudi siku nyingine. Nyuma ya Ndung'u, mlangoni, Waruguru alikuwa amesimama na nguo yake ya kitenge, uso umevimba kwa kulia. Job alipomwona alijua hakuna siku nyingine.

"Nilipotea, baba," akasema. "Sikuuliza njia kwa sababu niliona haya kwamba siijui. Niliiachia programu ya kazini, nayo ikaona kona yenu ni kali, ikaisogeza nyumba yenu."

"Ikaisogeza nyumba yangu?"

"Ndiyo. Haina kosa. Ni mimi niliyeifundisha kusogeza kila kitu."

Ndung'u akauliza kama huko kwa jirani ilikosogezwa walikula. Job akasema ndiyo. Akauliza walikula nini. Job akataja vyote, hata pilau, na mashangazi wa Waruguru waliokuwa wamepika tangu alfajiri wakasonya kwa pamoja.

Mzee akamwita binti yake. Aliyakata yote yaliyokuwa katikati, uji na geti na nyimbo, akamuuliza kama anawajua watu hawa.

Waruguru alitembea hadi mbele ya Job. Hakuwa amefunikwa leso wala kushikwa viwiko na mtu.

"Huyu nitasema namjua akisema siku ya harusi," akasema. "Hapa hapa, watu wakisikia."

Upande wa Job kukawa na mnong'ono, maana hilo nalo lilikuwa la vikao vitatu vya baadaye, baada ya mazungumzo ya mbuzi wa mahari. Job hakuungoja uishe.

"Jumamosi ya kwanza ya Desemba."

Mzee Nabiswa aliona mlango wa kuokoa jahazi akaingia kwa haraka. Alisema Desemba ni mwezi mzuri sana, ila mabasi huwa ghali na watu huwa safarini kwenda nyumbani, kwa hiyo labda wazee wakikaa wangeweza kuiangalia Januari, au hata baada ya Pasaka.

"Hapana, baba," Job akasema.

Hakuwa na sauti ya kupendeza, na neno lenyewe lilitoka likiwa limekwaruza kama mlango usiozoea kufunguliwa. Mama Khalayi alimgeukia kuhakikisha kwamba ni yeye aliyelisema. Hata Griffins, aliyebeba sufuria la mwisho, aliliweka chini.

Waruguru alimtazama Job kwa muda, kisha akageuka kwa baba yake.

"Nawajua, baba. Wote, hata wanavyonuka pilau ya jirani."

Mzee Ndung'u akaagiza viti vipangwe upya na chakula kiletwe chote kama kilivyopikwa, pasibaki kitu jikoni. Wageni wakakaa. Mzee Nabiswa, aliyekuwa ameshiba hadi kooni, akalegeza mshipi, akanyoosha mikono kwa aliyekuja na maji, akanawa upya.